Njaa ya siku za kabla ya hedhi inataka chakula, haitaki ugomvi

Wapo wanawake wanaokula kwa mpangilio mzuri tangu hedhi inapokwisha, halafu siku chache kabla ya nyingine kuanza hawatosheki. Wamekula usiku wakashiba, lakini bado mkono unatafuta kitu kitamu. Nami ni mmoja wao. Kinachoniuma ni kusikia wenzangu wakijiita walafi kwa jambo linaloongozwa na homoni.

Hedhi ikishapita, estrojeni huanza kupanda, na homoni hii hupunguza hamu ya kula. Ndiyo maana siku za kukaribia yai kupevuka wengi wetu huridhika na chakula kidogo. Yai likishatoka, homoni nyingine, projesteroni, huongezeka, joto la mwili hupanda kidogo, chini ya nusu digrii au karibu na hapo, na mwili hutumia nishati zaidi kidogo hata ukiwa umelala. Njaa nayo huongezeka. Kipindi hicho huchukua kama siku 12 hadi 14, na kwa wengi uchu wa sukari, chokoleti na vyakula vya wanga hukolea mwishoni mwake.

Kwangu, kilichosaidia kuliko vyote ni kuongeza chakula mapema mchana. Siku hizo asubuhi nakula mayai au maharage pamoja na wanga, wala sitoki na chai tupu. Mchana siruki mlo hata kazi ikinibana. Kati ya mchana na usiku nakula karanga na tunda. Nikifanya hivyo, uchu wa usiku unakuja ukiwa umepoa. Nikishinda na njaa kwa kisingizio cha kupunguza uzito, usiku hakuna kinachonizuia. Chokoleti sijaiacha, na sikushauri uiache. Ila naila baada ya mlo, nikiwa nimekaa na kutulia. Kujikatalia kabisa huongeza tamaa.

Mizani naiacha kando wiki hiyo ya kabla ya hedhi. Mwili huhifadhi maji, na uzito unaweza kupanda kilo moja au mbili ambazo si mafuta, kisha zikashuka hedhi ikianza. Chumvi nyingi huzidisha kujaa, kwa hiyo vitafunwa vya chumvi navipunguza. Tumbo nalo huwa zito, kwa sababu projesteroni hulegeza misuli ya utumbo na choo kinachelewa. Maji, mboga za majani na kutembea husaidia. Hedhi ikianza mambo hugeuka: prostaglandini, kemikali zinazobana mfuko wa uzazi na kuleta maumivu, huusukuma na utumbo pia, na wengine huharisha siku ya kwanza. Hapo nakula kidogo kidogo, vitu laini na vya moto.

Suala la damu nataka tulizungumze kwa makini zaidi. Mwanamke aliye katika umri wa hedhi anashauriwa kupata takribani miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku, wakati mwanamume anahitaji 8 tu. Nyama, maini na dagaa hutoa chuma kinachofyonzwa kwa urahisi. Chuma cha maharage, dengu na mboga kinahitaji msaada wa vitamini C, kwa hiyo kula na machungwa, nyanya au pilipili hoho. Chai na kahawa huzuia kufyonzwa kwake. Zisogeze mbele angalau saa moja baada ya mlo.

Na ukijikuta unatamani udongo, barafu au mchele mbichi, usione aibu, na usinyamaze. Tamaa ya namna hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Nenda ukapime damu. Vilevile ukilowesha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au hedhi ikizidi siku 7, hilo ni la daktari, kwani lishe peke yake haitalimaliza. Kama siku za kabla ya hedhi zinakuletea huzuni nzito, au unakula hadi unaumia na huwezi kujizuia, zungumza na mtaalamu. Matibabu yapo.

Ukienda, nenda na maandishi: tarehe hedhi ilipoanza, ulichotamani, ulivyokula na ulivyolala, kwa miezi miwili au mitatu. Na kama unatumia uzazi wa mpango wenye homoni, mwambie daktari tangu mwanzo, maana mpangilio wako wa njaa unaweza kuwa tofauti kabisa na huu niliouandika.