Mkuu usisaini huo mkopo Jumatatu

Mkuu umeuliza kama pengo la kipato ni tatizo kwa jamii au ni wivu wa masikini tu, halafu katikati ya uzi ukatupia kwamba Jumatatu unasaini mkopo wa kikundi ili mtoto ahamie inglishi midiam kama watoto wa jirani. Ya wivu watakujibu wengine. Mi huo mkopo ndo umenitoa mafichoni.

USILIPE ADA KWA MKOPO WA MAREJESHO YA KILA WIKI.

Nilichukua laki tano za kikundi nikiwa na genge Mbagala, ada ya mwanangu. Wakakata fomu, bima na kitu wanaita huduma, nikatoka na 455,000 mkononi. Rejesho 54,000 kila wiki, wiki 12, jumla 648,000. Hela ile ingeingia kwenye nyanya ningeizungusha, ila ilienda shule na shule hairudishi kitu wiki ijayo. Nikaanza kulipa rejesho kwa mtaji, tenga zima la nyanya likawa nusu, nusu ikawa sado, mwisho meza imebaki viberiti, chumvi na vitunguu vilivyoanza kuota. Ukikosa rejesho kikao hakifungwi, akina mama wenzio wamekaa wanakuangalia na wao wana biashara zao zinalala, kwa hiyo unakimbilia kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kali, unachukua laki unarudisha laki na thelathini ndani ya mwezi, dhamana friji. Friji walilibeba mchana kweupe, mwanangu ndo aliyewafungulia mlango.

Na yule afisa mikopo! Kakaa kwenye benchi langu, kanywa soda yangu, ananiambia "mama, elimu haisubiri". Hakuuliza hata siku moja genge linaingiza shingapi kwa siku. Mtu mzima na kishkwambi chake, anajua kabisa hesabu haikai, anataka tu afikishe idadi ya wateja mwezi uishe. Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira.

Pengo la kipato mi nililionea hapo, kwenye bei ya hela, yaani riba. Mwenye nyumba yenye hati anakopa benki kwa asilimia 15 au 16 hivi kwa mwaka. Sisi wadogo, mkopeshaji mwenye leseni anaruhusiwa na kanuni za Benki Kuu mpaka asilimia 3.5 kwa mwezi, zidisha mara 12 unapata 42, na hiyo ndo halali! Mimi nililipa 193,000 juu ya ile 455,000, asilimia 42 hiyohiyo, ila kwa wiki 12 tu. Sasa hata wote tuamke saa kumi alfajiri tuchape kazi sawasawa, mwenye nacho atazidi kututangulia tu, wivu unaingiaje hapo?

Mtoto muache shule ya serikali kwa sasa, ada ilifutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016, hela ya tuisheni utaitoa kwenye faida kidogokidogo. Kama shida ni mtaji, kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Hiyo Jumatatu nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, muulize dirisha la maombi linafunguliwa lini na kikundi kinasajiliwaje, halafu urudi hapa utuambie kakujibu nini.