Mtambo mmoja si unatosha?

SWALI: Nasikia mawimbi ya graviti yananaswa na mitambo ya Marekani, Italia mpaka Japani. Kama mmoja unanasa, mingine ya nini?

JIBU: Ndugu msomaji, mawimbi hayo ni mtikisiko mdogo mno wa anga lenyewe, unaotoka kwenye migongano mikubwa huko mbali. Mtambo mmoja unasumbuliwa na kila kitu, lori likipita, upepo, hata mawimbi ya bahari ya mbali, kwahiyo ukitikisika peke yake huwezi kuuamini sana. Ila Septemba 14, 2015 LIGO (mitambo miwili ya Marekani) ya Livingston ilinasa ishara, na ile ya Hanford, kama kilomita 3,000 hivi kutoka hapo, ikanasa ileile milisekunde 7 baadaye. Hapo hata mbishi ananyamaza.

Halafu kuna suala la imetoka wapi. Tofauti ya muda kati ya mitambo miwili inakupa upande wa anga tu, tena eneo kubwa mno. Agosti 17, 2017 nyota mbili za nyutroni (mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa) ziligongana, LIGO zote mbili zikanasa vizuri, Virgo, mtambo wa Italia, ikaona kidogo sana, na hapo ndo utamu ulipo, maana ina pande inazoona vibaya, so wakajua chanzo kiko huko, wakageuza darubini na siku hiyohiyo wakaipata galaksi yenyewe, NGC 4993.