Nyayo kuwaka moto: kabla ya kuilaumu sukari peke yake

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana kisukari, huu mwaka wa tisa. Anameza metformini gramu moja asubuhi na moja jioni. Sukari imetulia, lakini usiku nyayo zinawaka moto na vidole vimekufa ganzi. Hivi karibuni ameanza dawa za TB. Chakula chetu kikubwa ni ugali wa muhogo, na mikorosho tunapulizia dawa. Kipi kinamuumiza?
– Msomaji, Tandahimba

JIBU: Marahaba. Kisukari kinabaki mshukiwa wa kwanza, maana sukari kutulia leo hakufuti madhara ya miaka iliyopita. Ila mama ana sababu nyingine zinazotibika, na tungeanza na metformini.

Dawa hii hupunguza ufyonzaji wa vitamini B12. Ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo upungufu huja taratibu. Gramu mbili kwa siku kwa miaka tisa zinatosha kuuleta. B12 haimo kwenye muhogo, kisamvu wala korosho. Imo kwenye samaki, dagaa, mayai, maziwa na maini. Ombeni apimwe. Kipimo kisipopatikana, picha kamili ya damu ikionyesha MCV (ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu) juu ya 100 inatia shaka, japo neva (mishipa ya fahamu) huweza kuumia damu ikiwa bado nzuri. Tiba ni sindano za hidroksokobalamini, yaani B12, mikrogramu 1000, za karibukaribu mwanzoni. Asipewe foliki asidi (vitamini ya kuongeza damu) peke yake: damu itapona huku neva zikiendelea kuharibika. Metformini asiiache bila daktari.

Je, moto ulianza kabla au baada ya dawa za TB? Isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza vitamini B6, na mwenye kisukari hupewa piridoksini, yaani B6 yenyewe, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Ulizeni kliniki kama anayo. Msimwongezee vidonge vya dukani kiholela; B6 nyingi kwa muda mrefu nayo huleta ganzi.

Muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri una sumu ya sianidi. Konzo, ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu hiyo na uliowahi kutokea Mtwara, hukakamaza miguu ghafla, haiunguzi nyayo. Lakini sianidi ya kidogokidogo kwa miaka, na mboga haba, huweza kuharibu neva. Ili kuipunguza, tieni unga kwenye bakuli, wekeni alama usawa wake. Ongezeni maji mkikoroga: unga utashuka, kisha urudi kwenye alama. Tandazeni kwenye jamvi, unene usizidi sentimita moja, kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini. Pikeni siku hiyohiyo.

Kuhusu dawa za mikorosho, salfa huwasha macho na kifua. Wa kuogopwa kwa neva ni viuatilifu vya oganofosfeti, aina ya dawa za kuua wadudu. Kwa vyovyote mama asiingie shambani pekupeku.

Mpimeni nyumbani: afumbe macho, mguse kwa ncha ya kidole, bila kubonyeza, kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, hisia zimepungua. Ganzi ya upande mmoja, au baka la ngozi lisilohisi, lichunguzwe kwa ukoma. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukigoma, hospitali siku hiyohiyo.