Mgeni alale walau siku tatu

SWALI: Yaya, nina vyumba viwili vitupu kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu. Kijana wangu anasema nipokee watalii wa polepole, wale wasio na haraka, wanaokaa siku kadhaa mahali pamoja. Ila wageni ninaowaona hushuka botini, hupiga picha, jioni wameshaondoka. Nani atakaa kwangu, na atafanya nini? (Baba wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Papa, kijana hajakosea. Waitalia walianza zamani: 1986 walipinga chakula cha haraka, na 1999 ikazaliwa Cittaslow, umoja wa miji isiyo na pupa. Lakini waache huko, tazama mlangoni pako. Mgeni wa saa tatu anamlipa mwenye boti, basi. Akilala siku tatu, jirani atauza nanasi, mvuvi atauza sambaza (samaki wadogo wa ziwani), mpwa wako atalipwa kumtembeza kwenye mashamba ya kahawa.

Mimi nililala Idjwi siku nne. Alfajiri niliwasikia wavuvi wakirudi: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa bado zinawaka, wanapiga kasia huku wanaimba. Saa moja baadaye sambaza zilezile zilikuwa kwenye sahani yangu, na pilipili (kali mno, nililia mbele ya watu). Hakuna aliyeniita nikaone "kivutio".

Sasa pesa. Usinunue televisheni wala jenereta, hiyo kelele ndiyo wanayoikimbia. Nunua vyandarua, jenga choo safi, chemsha maji. Bei iandike ukutani. Na wageni wa kwanza usiwangoje kutoka Ulaya: anza na sisi wa Bukavu, tuliochoka na vumbi.