Mjomba, Totti ana ligi moja tu, mnamlilia nini?

Toleo lililopita niliponyoka nikaandika kwamba kwenye maisha yangu yote ya kuangalia mpira sijampenda mchezaji kama Francesco Totti wa Roma, ile klabu ya Italia. Ilikuwa sentensi moja tu, tena nimeiweka mwishoni kabisa nikidhani hakuna atakayeiona, lakini barua zilizoingia ni nyingi kuliko zile za mwaka jana za bei ya jezi feki. Baadhi ni za matusi, hizo nimezitunza. Zilizobaki nazijibu hapa.

Shikamoo mjomba. Mimi nina miaka 19, shabiki wa Man U damu. Totti kakaa Roma misimu 25 akabeba ligi MOJA. Giggs kakaa Man U kabeba 13. Sasa legendi wa nini? Si angeenda zake tu Real Madrid? – Kijana wa Morogoro

Marahaba mwanangu. Hesabu yako iko sawa, Giggs anazo 13 na hakuna wa kumnyang'anya. Ila we umehesabu makombe hujahesabu timu. Giggs alipanda treni ambalo tayari lina dereva na mafuta na linajua linapokwenda. Roma kabla ya Totti ilikuwa imechukua ligi mara mbili tu tangu ianzishwe, 1942 na 1983, basi. Ya tatu ni ya 2001 na kapteni alikuwa yeye, mtoto wa Roma hiyohiyo, mitaa ya Porta Metronia. Tarehe 17 Juni 2001 wanacheza na Parma nyumbani, bao la kwanza kafunga Totti, la pili Montella, la tatu Batistuta, mechi haijaisha mashabiki washaingia uwanjani wanavua wachezaji jezi, kocha Capello anafoka kama mwalimu wa zamu maana refa bado hajapuliza. Ikaisha 3-1. Mji haukulala siku kadhaa.

Sasa nikwambie kilichofuata, ndo hapo roho inaponiuma. 2002 wakakosa ligi kwa pointi moja, Juventus 71 wao 70. 2010 wakakosa kwa pointi mbili mbele ya Inter, na hiyo mi siisahau, Aprili 25 Roma iko kileleni, iko nyumbani na Sampdoria, Totti kafunga mapema tukajua imeisha hiyo, alafu Pazzini akarudisha, akaongeza la pili dakika ya 85. Nilikuwa kwenye kibanda umiza, feni imezimika, nilitoka nje nikaacha soda yangu nusu na sikurudi kuichukua. 2014 wakapata pointi 85, misimu mingine hizo zinakupa ubingwa, Juventus akamaliza na 102. Mia na mbili! Yaani Totti kamaliza wa pili mara nyingi mpaka ikawa kama ndo kazi aliyoajiriwa.

Na Real Madrid walimtaka kweli, enzi zile za kina Zidane na Ronaldo, na mwenyewe kashakiri kwamba alikaribia kwenda. Hakwenda. Watu wanapenda kusema alibaki kwa mapenzi tu, mi nakwambia ukweli, alikuwa analipwa vizuri, yuko nyumbani, anakula kwa mama, mji mzima unamwita kapteni. Usimfanye mtakatifu. Lakini bei ya kubaki aliijua na akailipa kila mwezi wa tano akiangalia wenzake wananyanyua kombe, na hiyo Giggs hakuwahi kuombwa ailipe.

Jambo lingine ambalo vijana hamlijui ni kwamba kidogo tu hii hadithi isingekuwepo. Alivyokuwa mtoto AC Milan walifika mpaka nyumbani kwao, mama yake, Fiorella, akakataa, mwanangu haondoki. Baadae akiwa timu ya vijana ya Lodigiani kukawa na mpango wa kumpeleka Lazio, mahasimu wa Roma wa mji huohuo, fikiria, LAZIO, ni sawa na kumchukua mtoto wa familia ya Yanga Kariakoo ukamvalisha jezi nyekundu, wazazi wakashawishiwa akaja Roma 1989. Alafu mapema 1997 kuna kocha Muajentina, Carlos Bianchi, alikuwa hamkubali, mipango ya kumkopesha Sampdoria ishaiva, ikaja bonanza moja pale Olimpico, uwanja wa Roma, na Ajax na Mönchengladbach, dogo akacheza kama kapandwa na mashetani, rais wa klabu Sensi akasema huyu haendi popote. Miezi michache Bianchi ndo akaondoka yeye.

Kwahiyo mwanangu endelea na 13 zako, lakini usiniulize tena legendi wa nini.

Mzee wetu, hapa kijiweni kuna ubishi. Kuna jamaa anasema Shabani Nonda aliyewahi kuchezea Yanga alicheza timu moja na Totti. Tumemcheka mpaka akaondoka. Ni kweli? – Wa Kigoma

Nendeni mkamuombe msamaha, na soda mumnunulie.

Ni kweli kabisa. Nonda kazaliwa Bujumbura, akapita Yanga miaka ya tisini akiwa bado kijana mdogo, akaenda Afrika Kusini, Uswisi, Ufaransa, akang'ara Monaco mpaka fainali ya Ligi ya Mabingwa 2004, alafu 2005 akatua Roma. Akicheza timu ya taifa alikuwa wa Kongo. Na cha ajabu, kuna mchango wake kwenye historia ya Totti bila mwenyewe kukusudia. Disemba 2005 kocha Spalletti alijikuta hana straika, Montella mgonjwa, Nonda majeruhi, Cassano kichwa chake kishafika Madrid. Akawaza nifanyeje, akamchukua Totti ambaye maisha yake yote ni namba kumi akamsimamisha mbele kabisa peke yake. Ila Totti hakai mbele, anarudi nyuma kuchukua mpira, mabeki wa kati wanabaki wanaangaliana nimfate au nibaki, na wakiangaliana tu kina Perrotta na Mancini wanapita katikati yao kama wezi wa kuku. Roma ikashinda mechi 11 za ligi mfululizo. Msimu uliofuata, 2006/07, Totti akafunga mabao 26 ya ligi akachukua kiatu cha dhahabu cha Ulaya akiwa na miaka 30. Leo hii makocha wanaifundisha hiyo namba tisa ya uongo kama somo, lakini pale Roma ilianza kwa sababu hospitali ilijaa mastraika.

Niaje mzee. Ile penalti ya kuchop, si ni Panenka ndio alianzisha? Mbona Waitaliano wanampa Totti? – Wa Mombasa

Poa sana. Panenka, yule wa Chekoslovakia, ndo mwenye hati miliki, 1976, hilo halina mjadala. Ila Waitaliano wanaiita kijiko, cucchiaio, kwasababu mguu unauchota mpira kama unachota supu, na kijiko cha Totti kilichompa jina ni cha nusu fainali ya Euro 2000 Amsterdam. Waholanzi wako kwao, ndani ya mechi washapoteza penati mbili, imefika matuta, golini yuko Van der Sar mrefu kama mlingoti. Totti ana miaka 23. Kabla hajaenda akawaambia wenzake kwa kile Kiroma chake kwamba anaenda kumpigia kijiko, wenzake wakadhani ni utani, wengine wakamwambia we una wazimu. Akaenda, akachota. Italia wakapita.

Na sio penati tu, alikuwa anachop hata mpira ukiwa unatembea. Tafuta ile aliyomfunga Julio Cesar wa Inter pale Milan 2005, kaanza nao mbali, kapita watu, kafika nje ya boksi kila mtu anasubiri shuti yeye akachota. Mi huwa naiangalia nikiwa na mawazo.

Mhariri mbona unamsifia tu, hukuona alivyomtemea mate Poulsen? Au teke la Balotelli? Muwe mnasema yote. – Mpenda haki, Dodoma

Nasema yote. Euro 2004 alimtemea mate Christian Poulsen wa Denmark, kamera ikamnasa, akafungiwa mechi tatu na Italia ikarudi nyumbani mapema. Fainali ya Coppa Italia 2010 akamkimbiza Balotelli akampiga teke kwa nyuma ambalo halina utetezi wowote, nyekundu. Aibu zote mbili. Umeridhika?

Ila ukiandika tena uandike na ya 2006. Februari mwaka huo alivunjika mfupa wa mguu mechi na Empoli, akawekewa chuma na skrubu, Kombe la Dunia liko miezi minne mbele, kila mtu kashamfuta. Akaenda Ujerumani na chuma chake mguuni, akacheza mechi zote saba, na ile ya Australia hatua ya 16, Italia wako kumi, dakika ya 95, penati, kaingia kutokea benchi, nani apige? Akapiga. Safari hii hakuchota, alipiga juu kwa nguvu kabisa, kisha akatia kidole gumba mdomoni. Wiki mbili baadae ni bingwa wa dunia.

Assalaam alaykum. Huku Muscat tunabishana: je ni kweli kocha alimdhalilisha Totti miaka ya mwisho? Na ile selfi ilikuwa mechi gani?

Waalaykum salaam. Selfi ni dabi ya Januari 11, 2015, Lazio wanaongoza 2-0, Totti ana miaka 38, akafunga la kwanza, akafunga la pili kwa kuruka sarakasi, ndo mabao yake yakafika 11 kwenye dabi, akakimbia upande wa Curva Sud, jukwaa la mashabiki wa Roma, kocha wa makipa akampa simu, akajipiga picha na watu wote nyuma yake. Nimeona wengi wakiiga, hawajanigusa.

Kuhusu kocha, mi sipendi hiyo hadithi ya mtu mbaya na mtu mzuri. Kocha ni Spalletti yuleyule wa namba tisa ya uongo, karudi Januari 2016, kamkuta mfalme ana miaka 39 na timu inataka kukimbia. Totti akatoa mahojiano ya kulalamika, Spalletti akamuondoa kambini siku ya mechi na Palermo. Wote wawili walikuwa na haki kidogo na kiburi kingi. Lakini Aprili 20 mwaka huohuo, Torino wako mbele 2-1 pale Olimpico, dakika ya 86 akamuingiza. Mguso wa kwanza goli. Dakika tatu baadae penati, goli, 3-2. Kuna watu wazima walilia jukwaani na sio kwa kuwafunga Torino, kwani Torino ni nani, walilia kwasababu walijua hesabu ya miaka.

Mimi si mpenzi wa mpira, nina swali la nyumbani. Mume wangu hakulia hata tone msibani kwa baba yake mdogo, ila 28 Mei 2017 nilimkuta sebuleni analia kwa kwikwi, TV inaonyesha Waitaliano. Mpaka leo hajanieleza. Kulikuwa na nini? – Mama wawili, Tanga

Dada yangu, pole, na msamehe.

Siku hiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya Totti, Roma na Genoa. Mechi ya 786 akiwa na jezi hiyo moja, mabao 307, alianza Machi 28, 1993 kule Brescia akiwa na miaka 16, aliingizwa zikiwa zimebaki dakika chache tu mechi iishe. Sasa sikiliza maajabu, dakika ya tatu tu Genoa wakafunga, na aliyefunga ni mtoto anaitwa Pellegri, ana miaka 16. Totti yuko benchi anamwangalia. Akaingia dakika ya 54, aliyempisha ni Mohamed Salah. Roma lazima washinde ili wabaki wa pili, yaani hata siku ya kumuaga wanapigania hiyohiyo nafasi ya pili, wakahangaika mpaka dakika ya 90 ndo Perotti akafunga, 3-2.

Alafu hakuna aliyeondoka. Akazunguka uwanja na mkewe na watoto watatu, De Rossi, ambaye ndo angerithi ukapteni, macho mekundu, wazee wa miaka 70 wanalia na wajukuu mabegani. Akashika kipaza sauti akasoma barua aliyoandika. Huyu mtu aliyemchotea Van der Sar kijiko alisema anaogopa, na kwamba sio ile hofu ya kusimama mbele ya goli na penati, hii ni nyingine, safari hii akiangalia kwenye matundu ya wavu haoni nyuma yake kuna nini, akaomba wamruhusu aogope kidogo. Kitambaa cha ukapteni akampa mtoto wa timu ya vijana.

Muulize mumeo 1993 alikuwa na miaka mingapi. Alafu mpikie chai mkae.