Hicho kioo cha jamii tukiweke chini

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Shuleni tunaandika kwamba riwaya "inaakisi" hali ya jamii. Mwenzangu anashikilia kuwa "imetokana na" hali hiyo. Nani yuko sawa? Na je, riwaya ya zamani yaweza kusemwa "ingali na mashiko"? – Msomaji, Umoja, Nairobi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kisarufi nyote mko sawa. Kimaana, mwenzako amekushinda. "Akisi" ni neno la Kiarabu, na asili yake ina maana ya kugeuza. Sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na sentensi linakotoka: "Fasihi ni kioo cha jamii." Mtahiniwa huiandika kabla hajafungua riwaya. Mhakiki huiandika akikosa la kusema. Imetuzoesha uvivu, na inamdhulumu mwandishi.

Chukua *Kuli*, riwaya ya Adam Shafi, mwandishi wa Zanzibar. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandarini Zanzibar waligoma kwa sababu ujira haukutosha kuwalisha. Riwaya ikachapishwa 1979. Ni kioo gani kinachotunza sura ya mtu kwa miaka 31? Kioo humwonyesha aliyesimama mbele yake, awe tajiri au hamali, na akiondoka, hakimkumbuki. Shafi alichagua. Angeweza kutuketisha ofisini kwa wenye kampuni, tuutazame mgomo kupitia dirishani. Badala yake alituteremsha gatini, kwenye mgongo wa Rashidi, mhusika wake mkuu, tuuhisi mzigo kabla ya kuusikia mgomo. Kioo hakina upande. Shafi alikuwa nao, na riwaya nzima imesimama juu ya uamuzi huo. Mwanafunzi akisema tu kwamba "inaakisi", uamuzi huo ameufuta.

Wala si huku kwetu pekee. Mwaka 1824, Charles Dickens, mwandishi wa Uingereza, wakati huo mvulana wa miaka 12, alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu jijini London. Baba yake akafungwa kwa deni. Riwaya yake *Oliver Twist* ilianza kuchapishwa 1837. Umaskini ule aliubeba miaka 13 kabla ya kuandika juu ya yatima na njaa yake.

Kuhusu "mashiko": ndiyo, litumie. Limetokana na kushika, na ni zuri kuliko "bado inahusika" ninayoisikia redioni. *Kuli* ina mashiko kwa sababu hata leo, alfajiri, watu husimama nje ya mageti ya viwanda kando ya barabara ya Lunga Lunga, Nairobi, wakingoja kuitwa kwa kibarua cha siku moja, na asiyeitwa hurudi nyumbani mikono mitupu.

Basi andika: "Riwaya hii imechimbuka katika mgomo wa 1948," kisha ueleze nani aligoma na alidai nini. Mwalimu wako akikitaka kioo chake, mpe mara moja, mwishoni mwa aya, uendelee na riwaya.