Mimba mbili kwa farasi: usimnyime chakula, mwite daktari

SWALI: Daktari, jike langu la Thoroughbred (aina ya farasi wa mbio) lilipigwa skani siku ya 28 tangu yai kupevuka, zikaonekana mimba mbili, moja kila pembe ya mji wa mimba. Msimamizi wa zizi anasema nimpunguzie chakula ili moja ife yenyewe. Nisubiri? – Mfugaji, Naivasha

JIBU: Usisubiri, ndugu yangu. Zingekuwa upande mmoja, mara nyingi moja hufa na kunyonywa na mwili kabla ya siku ya 40, nami ningekuambia turudie skani kila baada ya siku chache. Zikikaa kila moja na pembe yake, hazisongani mapema, kwa hiyo zote mbili huendelea kukua. Zungumza na daktari wako leo kuhusu sindano ya prostaglandini, ili mimba zote zitoke na jike apandwe upya. Ikipita siku ya 35 hivi, mji wa mimba huota vijikombe vya kutoa homoni ambavyo hubaki hata mimba ikitoka, vikamzuia jike kushika tena, na msimu wako umekwisha.

Hili la kumnyima chakula nalisikia kila msimu, na linaniuma. Njaa haichagui mtoto wa kufa. Inamdhoofisha mama, na siku zako chache za maana zinapita ukingoja.

Wengi wanafikiria mbuzi. Kondo la mbuzi hujishikiza kwa vifundo vifundo, na mapacha hugawana. La farasi hushika karibu ukuta wote wa mji wa mimba, na mtoto mmoja anauhitaji wote. Nimeinua kondo za pacha waliotupwa mimba ikiwa ya miezi minane: pale zilipogusana pana baka jeupe, laini, bila hata unyoya mmoja wa kunyonya chakula. Pembeni yake wamelala watoto wawili, mmoja amekauka, ukubwa wa nusu ya mwenzake. Siku chache kabla, kiwele kilikuwa kinadondosha maziwa, na mwenye farasi akafurahi akidhani anakaribia kuzaa. Farasi hubeba mimba miezi 11!

Yote haya yangezuilika siku ya 14 hadi 16, mifuko ya mimba ikiwa ingali inatembea ndani ya mji wa mimba. Daktari mzoefu huitenganisha na kuuminya mmoja kwa mkono, na zaidi ya mara tisa katika kumi uliobaki huendelea vizuri. Kwa hiyo mtu anayeingiza mkono tu, bila skani, wiki ya tatu akatangaza "ana moja tu", mwondoe zizini. Mfuko wa milimita 20 hadi 25 hauhesabiwi kwa vidole. Wala skani moja isikutoshe. Mayai yakipishana siku mbili kupevuka, mfuko wa pili siku ya 14 waweza kuwa mdogo usionekane, na uvimbe wa maji kwenye ukuta hufanana na mfuko wa mimba. Rudia baada ya siku mbili, kisha siku ya 28 mapigo ya moyo yahesabiwe.